Masikio ya Chumba cha Ushonaji

Wanafunzi walimwita Friji. Hawakumwita hivyo kwa chuki, maana hakuwahi kumwonea mtu, lakini hawakuona jina jingine la kumfaa. Alikuwa mwalimu wa ushonaji, mwanamke aliyeshaanza kuota mvi juu ya masikio, na uso wake haukubadilika kwa lolote. Sindano ikivunjika ndani ya cherehani, pasi ikiunguza sketi iliyoshonwa muhula mzima, mvulana akijishonea mkono wa shati kwenye suruali yake mwenyewe darasa likaangua kicheko, yeye alisema neno moja tu: "Fumua." Kisha akaendelea na meza inayofuata.

Walimu wa siku nyingi walimkumbuka akiwa mtu mwingine, mtu wa kucheka hadi ashike ukuta. Halafu mdogo wake akafariki. Mdogo wao wa mwisho, ambaye yeye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kuondoka duniani. Yeye ndiye aliyemsuka nywele, akamfundisha kusoma, akamsindikiza siku ya kuolewa. Mdogo huyo aliugua kwa muda mrefu, na yeye hakuambiwa. Shemeji alijua. Shangazi alijua. Hata fundi viatu wa chini ya nyumba yao alijua. "Alituapisha, dada," shemeji alimwambia msibani, macho chini. "Alisema ukiambiwa utaacha kazi zako zote uje kukaa naye." Aliitikia kwa kichwa, akanyanyuka, akaenda kusaidia kugawa chai. Tangu hapo mambo yalimfikia kama mazungumzo ya nyumba ya pili: unasikia kwamba watu wanaongea, ila husikii wanachosema.

Nyumbani alikuwa na mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, mzee wa mzaha ambaye hakuacha mzaha hata pale ulipokosa wa kuucheka. "Mwenzangu," alimwambia jioni moja, akikiweka chini kijiko, "hii ni mara ya tatu mboga haina chumvi. Kama unanipa talaka, nipe kwa mdomo nielewe." Akamletea chumvi. Mzee akaimimina polepole, akimtazama, kama mtu anayemngoja msafiri kituoni bila kujua gari litakuja lini.

Kazi ya kuanzisha kikundi cha wanafunzi wa kusaidiana alipewa kwa sababu ya ubaridi huohuo. "Wengine wote nikiwapa watapiga kelele," mkuu wa shule alisema. "Wewe hata jengo likiungua utatuambia tutoke kwa mstari." Mkuu alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye tai iliyolegea tangu asubuhi. Akampeleka kwenye semina, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni iliyokwaruza. Huko mwezeshaji aliwaeleza kwamba mtoto mwenye shida humwambia mtoto mwenzake kabla hajamwambia mtu mzima yeyote. Kwa hiyo wafundisheni hao wenzake kusikiliza. Masomo yalikuwa sita. Wekeni viti viwili, vitazamane. Mtazameni mtu machoni.

Akarudi, akafanya alivyoambiwa. Stoo ya mipira ikasafishwa, viti viwili vikawekwa uso kwa uso, viranja wenye nidhamu wakachaguliwa kuwa wasikilizaji. Shule nzima ikawaita Masikio. Hakuna aliyekwenda. Mmoja aliingia, akakaa, akatazamwa machoni, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, hakurudi.

"Pale ndani ni polisi, mwalimu," alimwambia msichana mmoja wa kidato cha nne. "Ukimkalisha mtu vile anakiri hadi alichoiba jirani."

Msichana huyo aliitwa na wote Redio. Aliongea toka anapoingia getini mpaka anapotoka: mpira wa jana, tamthilia ya juzi, mlinzi anavyokoroma akiwa amesimama. Mwalimu alisikia alichosema kuhusu polisi, na siku zilizofuata akaanza kuangalia darasa lake mwenyewe. Akaona kitu alichokuwa nacho mbele ya macho miaka yote. Watoto wakiinamia kitambaa, waliongea. Anayepinda pindo alikiambia kitambaa kwamba baba hajarudi tangu juzi, na aliye pembeni yake alikijibu kitambaa chake. Macho yalikuwa kwenye sindano. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na kwa hiyo hakuna aliyejificha.

Akairudisha mipira stoo. Kikundi akakihamishia kwenye chumba cha ushonaji, saa za mapumziko ya mchana, kila mtu na kitambaa chake mkononi, wavulana kwa wasichana. Viranja akawashukuru, akawaachia kazi yao ya kupanga mistari. Kisha akapita meza kwa meza kwa wiki kadhaa, akimuuliza kila mmoja kwa sauti ya chini, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono: "Ukiwa na jambo zito, unamwendea nani hapa shuleni?" Wengi walitaja jina lilelile.

"Redio?" mkuu aliruka kitini. "Redio huyuhuyu? Mwalimu, unataka siri za shule zisomwe kwenye taarifa ya habari?"

"Ndiye waliyemtaja."

Na mwalimu alikuwa ameshajua kwa nini. Katika maneno yote ya Redio, asubuhi hadi jioni, hapakuwa hata siku moja na siri ya mtu mwingine. Kelele zile zilikuwa ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa kimya kabisa.

Masomo yakaanza. La tano lilikuwa la siri. "Unachoambiwa kinabaki kwako," aliwafundisha, amesimama kati ya vyerehani viwili vilivyofunikwa. "Humwambii rafiki. Humwambii mama yako. Huniambii hata mimi." Wakarudia kwa pamoja. Alijisikia akisema maneno yale, akamkumbuka shemeji na macho yake yaliyotazama chini, na kumbukumbu ikapita kama mtu anavyopita nje ya dirisha.

Somo la sita lilikuwa kuhusu siri zisizoweza kubaki: mwenzako akiwa hatarini, au akielekea kupoteza kitu ambacho hakirudi, hapo unamtafuta mtu mzima. Siku ya somo hilo wakaguzi walikuja, akashinda anawaonyesha vyerehani. Wiki iliyofuata ikawa ya michezo. Mkuu naye alikuwa ameshatangaza kwenye gwaride kwamba Masikio wameanza kazi. "Somo moja tu limebaki?" aliuliza. "Si watalisoma huku wanaendelea?" Mwalimu alikubali. Alilichukulia somo lile kama pindo: gauni huvaliwa hata likiwa halijapindwa, ukipata nafasi unalipinda. Mtu asiyeshona asingelifikiria hivyo. Yeye alilifikiria hivyo, akaendelea na shughuli zake.

Kisha Kamusi akaacha kuja shuleni.

Kamusi alikuwa wa kwanza kidato cha nne, msichana mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu walimu wenyewe walimuuliza maana za maneno. Simu ya mlezi wake haikupatikana. Mwalimu wa darasa alikwenda kwenye nyumba waliyoandikisha, akakuta wapangaji wengine, wakamwambia hao walihama zamani. Na usajili wa mtihani wa mwisho ulikuwa unafungwa Ijumaa. Kila mtahiniwa aweke sahihi kwa mkono wake mbele ya mwalimu; na kwa yule aliyekosa masomo muda mrefu, shule ithibitishe kwamba inaijua sababu. Bila hayo mawili, anafutwa, anangoja mwaka mwingine. Wote walijua wanaoambiwa wangoje mwaka mwingine huwa hawaonekani tena.

Mkuu akamwita Redio ofisini, na mwalimu akaitwa asimamie.

"Unajua Kamusi yuko wapi?"

"Najua, mkuu."

"Yuko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Anaumwa?"

"Siwezi kusema."

"Ana mimba?"

Redio alimtazama kama mtu aliyekanyagwa mguu. "Mkuu, ukitaja shida zote za duniani, mimi nikikataa moja baada ya nyingine, mwishoni utabaki na ile yenyewe. Kwa hiyo sitakataa wala kukubali hata moja."

"Mtoto, mwenzako anafutwa Ijumaa!"

"Najua. Hata usingizi sipati."

Mkuu akamgeukia mwalimu, akalegeza tai ambayo ilikuwa imeshalegea. "Mwalimu, wewe ndiye uliyemfunga huyu. Mfungue."

Walitoka pamoja, wakasimama kwenye korido, chini ya ubao wa matangazo ambao pini zake zilishapata kutu. Mwalimu alijua lililotakiwa kufanyika, kwa jinsi anavyojua vipimo vya kola. "Nenda kwake," alisema. "Mwambie jinsi mambo yalivyo. Mwombe akuruhusu useme, kwangu tu."

Redio akaenda jioni ile. Alhamisi, wengine walipokwenda kula, aliingia chumba cha ushonaji akavuta stuli hadi kwenye meza ya mwalimu. Mwalimu alikuwa anatunga uzi. Msichana akajichukulia kipande cha kitambaa kilichotupwa, akaanza kukishona bila mpango.

"Kasema hapana."

"Umemweleza kuhusu Ijumaa?"

"Nimemweleza yote. Kasema bora akose mtihani kuliko watu wajue." Sindano ilikwenda na kurudi. "Na analia akisema, mwalimu. Mtihani anautaka kuliko mimi ninavyotaka hata kula."

Mwalimu akakaza uzi. "Kuna somo la sita," alisema. "Sikuwafundisha." Akamfundisha pale pale, kwa sauti ileile anayotumia kueleza namna ya kukata kola: kuna siri zisizoweza kubaki, mtu akielekea kupoteza kitu kisichorudi, msikilizaji hapaswi kuibeba peke yake.

Redio alisikiliza mpaka mwisho. "Mbona hukutufundisha?"

"Wakaguzi walikuja."

"Ahaa. Kwa hiyo tumlaumu mkaguzi."

"Nilaumu mimi. Sasa umelijua. Sema."

"Hapana, mwalimu." Alisema bila ujeuri, na hakuinua macho. "Kamusi aliniambia nikiwa na masomo matano. Nilimwahidi kwa hayo matano. Siwezi kumletea la sita wakati mdomo ameshaufungua. Hiyo ni kama kumwambia mtu vua viatu uingie ndani, halafu unaviuza."

Nje watoto walikuwa wakifukuzana na sahani zao. Mwalimu alijua kwamba hapa angepaswa kuhisi jambo. Hasira, pengine, kwa shemeji, kwa shangazi, kwa mdogo wake mwenyewe aliyefunga midomo ya watu wote na kumwacha yeye nje ya mlango. Alingoja. Hakuna kilichokuja. Aliona tu kwamba mikono yake imeshapitisha uzi na kufunga fundo, na kwamba msichana aliye mbele yake ana haki.

"Sahihi," alisema baadaye. "Akifuatwa huko aliko, asiulizwe kitu, ataweka sahihi?"

Redio akaacha kushona. "Hiyo labda. Lakini sababu? Mkuu si anataka sababu?"

"Hiyo niachie mimi."

"Utasema nini na wewe huijui?"

"Nimekuambia niachie."

Redio akachomeka sindano kwenye kitambaa. "Mwalimu, kweli hutaki kujua?"

Alijitazama ndani kwa uaminifu, kama mtu anayefungua kabati kutafuta kitu alichotumwa. "Sijui kama nataka."

Redio akacheka ghafla, akajiziba mdomo. "Ndiyo maana wanakuita Friji. Samahani, mwalimu! Limenitoka."

"Najua wanavyoniita."

"Lakini si vibaya. Ukiweka kitu kwenye friji si hakichachi?"

"Maliza mshono wako," mwalimu alisema.

Mchana uleule alikwenda kwa mkuu. Alisimama mbele ya meza, hakukaa. "Sababu ya Kamusi kutokuja naijua," alisema. "Ni ya kweli na ni nzito. Siwezi kuieleza. Nitathibitisha mimi kwa jina langu."

Mkuu alitoa fomu ya uthibitisho. "Wakija kuuliza, utawajibu wewe?"

"Nitawajibu mimi."

"Unajua wanaweza kukuondoa kazini kama ukiwa umesema uongo?"

"Najua."

Akasaini. Aliutafuta woga, akapata tu mahali ambapo ungekaa, kama kiti kisicho na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake yote kuthibitisha jambo asilolijua, na kalamu iliandika vizuri tu, kama siku zote.

Asubuhi ya Ijumaa Redio alimwongoza. Walipita duka la vifaa vya ujenzi ambako vijana walipakua mabomba, wakapita kinyozi aliyekuwa akifagia nywele za jana kuzipeleka barabarani, wakaingia uchochoro wenye maji ya kufulia. Njia nzima Redio aliongea. Alieleza tamthilia moja yenye ndugu watatu na urithi, akaeleza mwalimu wa hesabu anavyotembea, akamwiga, akapiga chafya, akaendelea. Jengo lilikuwa la ghorofa, rangi yake imebanduka kwa mabamba. Walipanda ngazi zenye giza. Mbele ya mlango mmoja wa mbao Redio akanyamaza, na ukimya wake ukasikika kuliko maneno yote ya njiani.

Akabisha kwa kidole. "Ni mimi. Tupo wawili kama tulivyosema."

Mlango ukafunguka upana wa mkono tu. Mwalimu alisogea ukutani ili asione ndani hata kwa bahati mbaya. Ilitoka harufu ya sabuni na ya chumba kisichofunguliwa dirisha. Huko ndani kitu kizito kiliburutwa sakafuni, kikatulia.

"Shikamoo, mwalimu." Ilikuwa sauti ya Kamusi.

"Marahaba. Nimekuletea karatasi. Weka sahihi pale penye jina lako."

Mkono ukatoka. Mwalimu aliujua kama angeujua uso: kidole gumba chenye ngozi ngumu pale sindano inapoegemea, ukucha wa kidole cha shahada uliochanika katikati. Mwaka mzima aliutazama mkono ule ukipinda mapindo madogo kuliko ya darasa zima. Alimshikia ubao wa kuandikia. Mkono uliandika polepole, herufi zote, ukatia nukta, ukarudisha kalamu. Kalamu ilikuwa na joto.

"Mwalimu hajaniuliza," sauti ilisema.

"Sijaja kuuliza."

"Mkuu je?"

"Hatakuuliza. Siku za mtihani utaweza kuja?"

Ndani mtu mwingine alikohoa, au kitu kililia kama kikohozi. "Nitakuja," Kamusi alisema haraka. "Siku zile nimeshapata wa kunishikia. Nitakuja, mwalimu." Mlango ukafungwa taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kufunga milango bila kumwamsha mtu.

Shuleni, karani wa ofisi alipokea karatasi, akaikagua, akaipiga muhuri, akaiweka juu ya nyingine. Ilikuwa imekwisha. Jina la Kamusi lilikuwa ndani. Mkuu alimvuta mwalimu pembeni, akafunga mlango na kushusha sauti kama mtu anayeomba aonjeshwe.

"Sasa, sisi wawili tu. Mtoto ana nini?"

"Siwezi kusema, mkuu."

Mkuu akatikisa kichwa, nusu kwa kuudhika, nusu kwa heshima. "Nyinyi watu wa masikio!"

Redio alikuwa anamngoja nyuma ya chumba cha ushonaji, kwenye kidaraja cha saruji ambapo wasichana huanika vitambaa vilivyotiwa rangi.

"Kapita?"

"Amepita. Ameandikishwa."

"Asante, mwalimu." Akapumua kwa nguvu. Halafu, kama kawaida yake, akaanza: jana hukuangalia mpira, ungeona, yule kipa aliacha lango lake akaenda hadi katikati ya uwanja, mtu mzima kabisa, anakimbia na glavu zake, watu wanamwita rudi, rudi. Katikati ya sentensi sauti ikakatika. Alijaribu kuiokota, ikakatika tena. Akainama, akalia, kwa kilio kisicho na sauti, mabega tu.

"Nimechoka kujua, mwalimu," alisema ndani ya viganja. "Kila mtu ananiambia. Na mimi nampelekea nani?"

Somo la kujibu swali hilo halikuwamo kati ya yale sita. Mwalimu alitafuta neno la pole alilokuwa nalo zamani, hakulikuta. Hakumshika bega, mkono ulinyanyuka kidogo, ukarudi. Akakaa kwenye saruji kando ya msichana, wote wakitazama vitambaa vyekundu na bluu vikidondosha maji ya rangi kwenye vumbi. Mbele yake alijua kuna mtoto anayeumia, na kwamba yeye ndiye aliyempa mzigo huo, akamwacha bila pa kuutua. Alilijua hilo vizuri. Lilikuwa bado la nyumba ya pili, lakini safari hii alisikia wanachosema.

"Kuanzia wiki ijayo," alisema, "utakuja kwangu kila mara ukichoka. Usiniambie ya mtu. Niambie umechoka, basi."

Redio akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nikikuambia nimechoka wewe utafanya nini?"

"Sijui. Nitakaa hapa."

Msichana akafikiri. "Sawa," alisema. Wakakaa. Baadaye kidogo mwalimu akauliza, kwa sauti yake ileile isiyopanda wala kushuka:

"Huyo kipa alirudi golini?"

"Arudi wapi!" Redio alisema, sauti ikiwa bado imelowa. "Si walimfunga? Ngoja nikuambie…"

Mwalimu hakujua chochote kuhusu mpira. Alisikiliza hadi kengele ilipolia.